Rodah wa Sigor na Neno Uzee

Alizaliwa Rodah Cheptoo mwezi wa Machi mwaka 1971, nyuma ya soko la Sigor, huko Bomet, katika nyumba ya mkulima wa mahindi na ng'ombe wanne. Alipokuwa kidato cha tatu, mama yake, Priscillah, alianza kusukuma ugali kwa maji, kisha akahamia uji, kisha hata maji yakawa yanarudi. Alizikwa akiwa na miaka arobaini na mitatu. Kwenye kibali cha mazishi, naibu wa chifu, mzee Zacheus, alijaza sababu ya kifo: uzee. Binti aliisoma karatasi ile mara mbili, na hasira iliyomwingia siku hiyo haikumtoka tena. Nasi tunaamini Mungu ndiye aliyeiweka.

Kwa hasira hiyo alisoma. Alisomea biolojia Nairobi, akachukua shahada ya uzamifu ng'ambo, na kwa miaka kumi na miwili aliinamia hadubini akichunguza kwa nini seli za mwili huzeeka, na kwa nini nyingine hukataa. Seli njema huchoka na kuacha kugawanyika. Seli ya saratani haijui kuchoka. Wenzake walipompongeza kwa utafiti wake, aliwajibu: "Mama yangu aliuawa na kitu kilichokataa kuzeeka, na wakaandika uzee." Waliahidi kumpa maabara yake mwenyewe akibaki. Mwaka 2010 alirudi nyumbani.

Alitaka kitu kimoja tu: mashine ya kuangalia koo, ili wagonjwa wa Bomet wagunduliwe wakiwa bado wanameza. Katika ofisi ya afya aliambiwa, tena kwa tabasamu, kwamba vitabu vya vifo havionyeshi saratani, vinaonyesha wazee. Basi akaenda mlango kwa mlango kwa miaka mitatu, matope ya Chepalungu yakimfika magotini, akiwa na daftari na swali moja: kabla hajafa, alikuwa anameza ugali? Kati ya "wazee" mia mbili na kumi, mia moja thelathini na mmoja walikuwa hawamezi. Mdogo wao alikuwa na miaka ishirini na tisa. Uzee gani huo?

Mlango wa mwisho ulikuwa wa Zacheus, aliyekwisha kustaafu. Hakukana. "Ugonjwa ya koo watu walisema ni laana ya nyumba," alisema. "Ningeandika koo, nani angekuja kuoa nyinyi wasichana? Niliandika uzee ndio muolewe." Kumbe uongo ule ulikuwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyoua. Rodah alimjibu, "Mzee, ulitupatia mabwana, ukachukua mama zetu." Akaondoka bila kumaliza chai.

Siku ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba 2014, alisimama kanisani akasoma majina yote ya wale waliokuwa hawamezi, na baada ya kila jina akasema: hakufa kwa uzee. Jamaa walinuna, wengine wakatoka wakidai anawaanika. Padre Ogari alimwomba anyamaze. Hakunyamaza. Alipofika mwisho, Zacheus aliinuka kwenye benchi la nyuma.

"Ongeza moja," alisema. "Bibi yangu wa ndoa, Tabutany. Pia yeye niliandika uzee."

Juma lile familia zilijaa katika ofisi ya kuandikisha vifo kudai vifo vya watu wao viandikwe upya. Mashine ilikuja mwaka 2016.

Watu huuliza miujiza yake. Joab wa Londiani alipatikana na saratani mapema, na leo anakula ugali na nyama ya kuchoma. Wapo wengine kama yeye zaidi ya mia tatu. Asiyeona muujiza hapo na atafute kwingine.

Mwaka 2020 chakula kilianza kumkwama Rodah mwenyewe. Jina lake liliitwa mara tatu kwenye foleni ya mashine ile ile, na mara tatu akampisha mgonjwa mwingine. Alipoingia, muda ulikuwa umepita. Alifariki tarehe 9 Juni 2021, akiwa na miaka hamsini. Wapo wanaoliita tendo hilo la kuwapisha wengine utakatifu. Sisi tuliomzika tunaliita kosa, na tumemkasirikia hadi leo. Waamini, mwigeni katika elimu yake, katika ukweli wake na katika hasira yake. Asiyemeza kwa wiki mbili, mpelekeni hospitali kwanza, halafu tutapiga magoti pamoja. Na jina lako likiitwa, ingia.