Hodi ya Tatu

Siku hizi nikilala gesti Masasi, kabla sijavua viatu nazunguka. Natafuta mlango wa nyuma, nautikisa kuona kama unafunguka, nakagua nondo za dirishani, nauliza funguo anakaa nazo nani. Dada wa mapokezi aliwahi kuniuliza kama nimetumwa na serikali. Nikamwambia nimetumwa na woga wangu. Akacheka, mimi sikucheka.

Yaliyonifanya hivi yalitokea Newala, nyumbani kwa mama mkwe wangu, alasiri moja ya mwezi wa sita, msimu wa kupulizia mikorosho. Mimi nilihamia kwao mke wangu, kama wanaume wengi huku juu mlimani, na kwa miaka kumi na moja nilikula chakula cha mama huyo bila kumtazama usoni. Ndiyo heshima yetu. Nikimpa shikamoo natazama chini, naye akiitikia marahaba anatazama mlimao ulioko uwanjani. Chumbani kwake sikuwahi kukanyaga, hata siku ya kubadilisha taa.

Salfa, ule unga wa manjano tunaopulizia mikorosho, niliiingiza ndani mwenyewe kwa kuogopa wezi. Niliipanga mifuko kwenye korido mpaka ikaziba mlango wa nyuma, na pembeni yake nikaweka dumu la petroli ya mashine ya kupulizia. Mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, sasa kwenda uani tutapita wapi?" Nikamjibu kwa ukali kwamba mlango wa mbele unatosha. Nilikuwa mjinga, tena mjinga mwenye sauti kubwa.

Siku hiyo mke wangu alikuwa ameshuka Masasi na watoto wako shuleni. Mama mguu ulikuwa unamuuma, amejifungia chumbani anajikanda. Kwa sababu ya baridi alikuwa ameacha jiko la mkaa koridoni lipashe nyumba joto. Mimi nilikuwa mbele ya nyumba nafungua plagi ya mashine niisafishe, mara harufu ikanikaba koo. Salfa ikiungua inachoma macho na kifua kwa pamoja, huhitaji kuambiwa ni nini.

Nikalowesha shuka kwenye pipa, nikajifunga pua na mdomo, nikaingia kwa magoti. Moto ulikuwa mwisho wa korido, umeshika mifuko, mwali wa bluu unatambaa sakafuni kuelekea kwenye dumu. Chumba cha mama ni cha kwanza kushoto, na dirisha lake lina nondo. Nikafika mlangoni. Na hapo, nikiwa na akili zangu timamu, nikabisha hodi.

Kimya. Nikabisha ya pili. Nikamsikia akikohoa, lakini kikohozi kilitoka mbali na mlango. Nikabisha ya tatu, kimya tena, nami nikafanya tulichofundishwa tangu utoto: hodi tatu zisipoitikiwa, unaondoka. Nikageuka. Nikatambaa mpaka barazani, nikasimama pale nahema, nampigia kelele mama jirani aje aingie yeye, kwa kuwa ni mwanamke mwenzake.

Aliniangalia kama mwehu. "We baba, mwenzio anakufa humo!" akasema. "Hebu ingia!"

Nikarudi mbio, nikainama tena kwenye moshi, nikausukuma mlango kwa bega. Ulikuwa mzito, maana mama alikuwa amesokomeza nguo zake zote chini ya mlango ili moshi usipenye. Nadhani ndicho kilichomweka hai. Alikuwa amelala chini karibu na kitanda. Nikafumba macho, nikavuta blanketi kitandani, nikamfunika kwa kupapasa, nikamburuta sakafuni huku namwambia, "Samahani mama, samahani mama," kama niliyemkanyaga mtu kwenye foleni. Dumu lililipuka tukiwa tayari uwanjani. Bati za nyuma zikaporomoka, na majirani wakabaki kurusha mchanga.

Alilazwa hospitali. Siku ya tatu nilikwenda kumwona, nikakaa mbali na kitanda, macho kwenye vidole vya miguu yangu.

"Hodi zako nilizisikia," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Zote tatu."

"Mbona hukuitikia, mama?"

"Ningekukaribishaje? Nguo zote zilikuwa chini ya mlango, hata niliyokuwa nimevaa." Akakohoa muda mrefu. "Na wewe, ulipoondoka, ulijua nimo?"

Ningeweza kumdanganya. Jirani asingesema kitu, na mke wangu alikuwa ameshawaambia watu wote kwamba mumewe ni shujaa.

"Nilijua, mama. Nilikusikia ukikohoa. Niliona aibu kuingia."

Nilipoinua kichwa nikakuta ananitazama usoni, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, wala hakuyaondoa macho yake mpaka mimi nilipoangusha yangu.