Mzimu wa Saluni ya Shangazi

Mnaosoma simulizi zangu za wasaka mizimu mnajua humo huwa nakamata mizimu kama kuku.

Sasa nilipokutana na wa kweli, niliingia chini ya mashine ya kukaushia nywele. Asubuhi kweupe.

Ilikuwa hivi.

Naishi chumba cha juu. Chini ni saluni ya shangazi yangu, aliyenilea. Wiki hiyo ukuta wa saluni ulianza kulia: "Nirudishieni jino laaangu..."

Mteja mmoja alitoka mbio na nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama.

Shangazi akapanda hadi chumbani kwangu. "Mtaalamu, shuka."

"Shangazi, yale natunga tu."

"Umeandika 'mimi'. Mimi ni nani, jirani? Wateja wananikimbia. Nikifunga saluni, utakula hizo simulizi."

Hapo nikaacha kazi vilevile ilivyo, nikashuka. Miwani ya jua usoni, dira ya shule mkononi.

"Tulieni," nikasema kwa sauti nzito. "Mizimu inanijua."

"Jiiino laaangu..." ukuta ukaitikia.

Sijui nilifikaje chini ya ile mashine. Bibi aliyekuwa akikaushwa nywele akainama kunitazama.

"Mtaalamu, unanikanyaga."

Mzimu ukalia tena. Halafu ukakohoa, ukasafisha koo.

"Mpenzi msikilizaji, kama simulizi hii imekugusa, usisahau kubonyeza kengele."

Shangazi akazima feni ili asikie vizuri, kisha akanigeukia taratibu.

"Sauti hiyo," akasema, "nimeilea mimi."

Jamani, siku hizi simulizi zangu nazirekodi pia. Najifungia kabatini, maana nguo zinameza mwangwi. Kumbe nyuma ya kabati kuna tundu la hewa linaloshuka moja kwa moja hadi saluni. Na asubuhi hiyo niliiacha rekodi ikicheza.

Nikasubiri kofi. Badala yake bibi akauliza, "Na hilo jino, alirudishiwa?"

Hakuna aliyetaka kuondoka kabla ya kujua.

Siku hizi saluni inajaa mpaka mlangoni. Shangazi anagonga dari kwa mpini wa ufagio: "Mzimu, kazini." Nami naingia kabatini nalia.

Funzo: kabla hujasaka mzimu kwa watu, chungulia kabati lako.

Yule wa nywele nusu naye karudi. Anataka amaliziwe kusukwa, na kasema hataki mkono wa shangazi.

Anataka asukwe na mzimu mwenyewe.