Karatasi Yenye Mboko Mbili

Tiyo ni bomba la chuma, na mimi nimekata tiyo tangu ndevu hazijaota. Shule niliacha darasa la pili. Kuna wenye diplome hapa Baraka ambao ukiwapa tiyo mbili wazikutanishe kwa pembe, wanakuletea kitu chenye pengo, halafu wanaziba pengo kwa kuchomelea ovyo na kupaka rangi. Mimi sizibi pengo. Sina pengo.

Tiyo ikitakiwa kupinda, kila kipande hukatwa mshazari, na mshazari juu ya kitu cha duara jicho halioni. Kwa hiyo unaviringisha karatasi. Mimi nilitumia ya mfuko wa simenti, ya kuzunguka tiyo mara moja tu, kingo zikutane. Naikunja katikati, tena katikati, tena katikati. Nikiikunjua iko sehemu nane. Kwenye kila mstari napima urefu, naunganisha alama, unatoka mstari unaopanda na kushuka kama kilima. Wenye shule huandika namba. Namba zilinichanganya kila nilipogeuza tiyo, sifichi. Basi niliandika vijiji vya barabara yetu ya ziwani, jinsi nilivyovitembea kwa mguu: Mboko, Nundu, Lusenda, Abeka, Baraka, Mutambala, Sebele, Kazimia. Mwishoni Mboko tena, maana ukingo ule unarudi kwa wa kwanza. Mboko ni upande mfupi, Baraka ni mrefu. Sikuwahi kukosea.

Katika vita ya pili ya huku kwetu, bomu lilivunja tiyo ya maji ya maternité, hospitali ya wazazi, pale inapopinda. Mkunga mkuu alinifuata mwenyewe. Nilimuuliza mara tatu nani kamtuma. Siku zile sikumwamini hata mtu aliyenisalimia vizuri. Huyo ndiye niliyemwangalia mara mbili.

"Papa, bamama banazala bila maji, na we unauliza nani ananituma?"

Nikakubali. Nilichora patroni. Ndivyo tunavyoiita karatasi hiyo, kama mafundi wa cherehani. Nikaitia mfukoni kwenda kuilinganisha na tiyo iliyovunjika. Kwenye barrière, kizuizi cha askari walioushika mji, mmoja wao akaniingiza mkono mfukoni.

"Hii nini?"

"Patroni ya tiyo."

"Patroni wako ni nani?"

"Si muntu. Iko patroni tu."

"Nimekuuliza jina yake!"

Kadiri nilivyoeleza, ndivyo patroni alivyozidi kuwa mkubwa wangu aliyejificha mahali fulani. Wakanipeleka kwa kamanda wao.

Kamanda alikuwa na sauti ya upole, na sauti hiyo ndiyo niliyoiogopa. Aliweka kidole juu ya Baraka.

"Mzee, Baraka iko kando ya maji. Mbona umeipandisha mulima?" Akasogeza kidole. "Na Mboko ziko mbili. Hii ya pili, nani iko kule?"

Nilijua waliokamatwa na ramani walipelekwa wapi. Walipelekwa nyuma ya ghala la pamba, na hakuna aliyerudi.

"Chef, twende atelier yangu. Nitakata mbele yako. Mwanga ukipita kwenye kiungo, fanya unachotaka."

"Mzee iko na kiburi."

"Ninacho, chef."

Tulikwenda hadi karakana yangu. Alikaa kwenye benchi langu, bunduki magotini. Nikazungusha karatasi kwenye tiyo, Mboko ikagusana na Mboko.

"Ona, chef. Ziko moja. Na Kazimia imekuwa jirani ya Mboko. Ramani gani iko hivi?"

Aliiondoa, akaizungusha mwenyewe, akaiondoa tena, akaipeleka juani kutazama kama kuna maandishi ya siri. Hakuniamini. Mimi pia sikumwamini. Nilipiga alama ya chaki, nikashika msumeno. Kwenye Lusenda meno ya msumeno yaliruka nje ya mstari. Nilisimama nikavuta pumzi mpaka askari wake akanizomea, ndipo nikaendelea. Nilikata ya pili, nikapiga tupa, nikazikutanisha, nikaziinua kwenye jua. Kamanda aliweka jicho kwenye kiungo, akazunguka nacho pole pole.

Mwanga haukupita.

"Kweli we fundi. Enda na kazi yako."

Lakini hakuondoka. Aliwatoa askari wake nje, akauinamisha mkono wake hewani, ngumi ikielekea milimani.

"Mzee, na tiyo munene, fupi, ikae chini, mudomo ukiangalia kule. Utaweza kuikatia miguu ikae vizuri?"

Aliniuliza kwa upole uleule. Nilikwisha kuona mzinga wa umbo hilo ukitema mabomu. Miguu ile ningeikata kwa asubuhi moja, hata bila karatasi.

"Ile sijui, chef."

"We? Hujui?"

"Nene hivyo haijapita mikononi mwangu."

Alinitazama mikono, si uso. "Basi uko fundi ya bamama tu."

"Ndiyo, chef. Ya bamama."

Sijawahi kumeza neno chungu kama hilo. Kona ya maternité niliichomelea mchana uleule, kabla hajapata wazo lingine. Na mpaka walipouacha mji, kila tiyo nene niliyoletewa niliikataa, hata ya wateja ninaowafahamu, kwani sikujua nani katumwa na kamanda kunipima. Watu walisema mzee kazi imemtoka mikononi. Niliwaacha waseme.