Afrah na Namba Iliyofutwa

Nina stationari Gongo la Mboto, mkabala na duka la Mzee Zahor, na kwa miaka tisa nimewaombea vyuo watoto wa mtaa huu. Wengi wao ukiwauliza wanataka kusoma nini wanakukodolea macho. "Chochote tu, anko, ili mradi nipate chuo." Mwingine anampigia mjomba wake simu palepale ili amchagulie. Huwa nakasirika, lakini fomu najaza. Ndiyo maana nilishangaa Afrah, binti wa Mzee Zahor, alipokuja na karatasi aliyoiandika mwenyewe nyumbani. Mstari wa kwanza: sayansi ya mazingira. Wa pili: famasia.

"Wa kwanza wangu, anko Audax," akasema. "Wa pili wa baba."

Afrah namjua tangu yuko darasa la nne. Nyumba yao iko nyuma ya duka, na uani bibi yake, Bi Nunu, amepanda asmini na mirehani kwenye ndoo kuukuu za mafuta ya kula. Maua hayo anayafungia vikuba, vile vishada vya kunukia vya maharusi, na sidhani kama kuna bi harusi wa karibu hapa aliyeolewa bila kunukia kazi ya mikono yake. Mwaka Afrah alipoingia kidato cha kwanza, asmini zikaanza kugeuka manjano na kudondosha vitumba. Bi Nunu akasema ni kijicho cha jirani, akafukiza ubani siku saba. Asmini zikazidi kunyauka.

Afrah akazigawa ndoo mafungu mawili. Fungu moja akalimwagilia maji ya kisima kama kawaida, la pili maji ya mvua aliyoyakinga batini, na kila jioni alihesabu vitumba akaandika kwenye daftari. Mwezi wa pili fungu la mvua lilikuwa jeupe kwa maua. Kisima kilikuwa kimeingia chumvi kidogokidogo, na watu walikuwa wanaiona kwenye chai wakailaumu sukari. Bi Nunu akamwomba jirani yake msamaha, kimoyomoyo tu.

Tangu hapo daftari halikumtoka mkononi. Aliandika ndege, siafu, mvua imeanza lini, mtaro umeziba wapi. Siku moja alikuja dukani kwangu kuskani jani la mzambarau. Nikamwambia mashine yangu si ya majani. Akaliskani hata hivyo, akanishukuru vizuri sana, na mie nikabaki nafuta kioo.

Sasa Mzee Zahor. Ni mtu mwema mwenye sauti kubwa. Anauza unga, mchele na sabuni, na pia ni wakala wa kutuma pesa. Fremu ya biashara iliyo ubavuni mwa duka lake ni yake, na alikuwa ameiacha tupu mwaka mzima. Kila aliyekuja kuomba kuipanga alijibiwa jibu lilelile: "Hapa linakuja duka la dawa la mwanangu." Mtaa mzima ulijua. Kuna wagonjwa walioanza kumuuliza litafunguliwa lini.

Afrah hakumficha. Majibu ya maombi yalipotoka na vyuo viwili vikamchagua, kimoja mazingira, kingine famasia, alimwambia baba yake mbele ya bibi yake kwamba moyo wake uko kwenye mazingira.

"Mazingira?" Mzee Zahor akashangaa. "Usome miaka yote hiyo uje kufagia?"

"Si kufagia, baba."

"Haya. Tutazungumza."

Katika nyumba ile, tutazungumza maana yake hapana.

Utaratibu ni kwamba aliyechaguliwa vyuo viwili lazima athibitishe kimoja. Unaingia kwenye ukurasa wa chuo unachokitaka, unaomba namba ya uthibitisho, inakuja kwa meseji, unaiandika, basi. Ukichelewa, unaweza kukosa vyote. Mwisho ulikuwa Alhamisi jioni. Jumatano mchana Afrah akaja kwangu, akafungua ukurasa wa mazingira.

"Naomba namba tu," akasema. "Sithibitishi mpaka baba aridhie."

Tukaomba. Tukasubiri. Simu yake ikakaa kimya. Nikarudi kwenye fomu niliyoijaza mimi mwenyewe, na hapo nikaona kazi yangu. Vijana hubadilisha laini kila wiki, kwa hiyo miaka yote nimezoea kuandika namba ya mzazi. Na kwenye ya Afrah nilikuwa nimeandika ya Mzee Zahor.

Nikampigia kwa laini ya ofisi, asiyoijua. "Mzee, shikamoo. Audax hapa, wa stationari. Kuna namba imeingia kwenye meseji yako sasa hivi, naomba unisomee."

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha: "Mbwa wewe! Umeshindwa kuiba kwa sauti yako unaiga ya Audax wa watu? Nawaona nyie! Namba ya siri haitolewi!" Akakata.

Wakala yeyote angefanya hivyo, simlaumu. Lakini kumsikia kupitia simu na kumsikia kwa masikio kutoka ng'ambo ya barabara, kwa pamoja, ilikuwa kitu kingine. Afrah alicheka mpaka akakaa chini.

Tukavuka. Duka limejaa wateja, na mzee anawasimulia. "Matapeli wamekuja na Kizungu siku hizi! Nimeifuta palepale. Simu yangu haikai meseji, mie nafuta zote." Aliponiona akatulia. "Audax, kuna mtu anaiga sauti yako. Hata lafudhi ya Bukoba kaipatia."

Nikamweleza. Uso wake ulibadilika taratibu. Akamtazama binti yake.

"Namba ya chuo kipi?"

"Cha mazingira, baba."

"Kumbe mmeshachagua, nyie wawili."

"Hapana. Namba inaombwa tena, inakuja kwako tena. Ukisema famasia nitasoma famasia na nitafaulu. Ila nilitaka ujue." Msichana huyu hajui kulia mbele za watu, kwa hiyo akaanza kupanga kwenye shubaka sabuni ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Bi Nunu alikuwa ameketi mlangoni kwenye mkeka, anachambua mirehani. "Zahor, mpe mtoto nafasi akuonyeshe."

"Anionyeshe nini, mama?"

Afrah akaingia ndani akarudi na daftari la kwanza kabisa, lile la kabla ya asmini kunyauka, lenye jalada lililoliwa na mende. Mzee akavaa miwani, akafungua ukurasa wa kwanza. Mwandiko ulikuwa wa mtoto, mkubwa mkubwa. Aliusoma kwa sauti, kama anavyosoma kila kitu, na wateja wote tukasikia:

"Leo baba kanionyesha ndege anaitwa chozi, anakunywa kwenye maua ya bibi. Ni mdogo, anang'aa. Baba kasema nisitikisike ataruka. Tumekaa kimya mpaka chai ya baba ikapoa."

Mzee Zahor akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Mama mmoja akaomba unga kilo mbili, hakujibiwa.

"Nilikuwaga nafanya hivyo?" akauliza.

"Kila asubuhi," Bi Nunu akasema. "Mpaka duka lilipokushika. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sasa unamlalamikia nani?"

Akavua miwani. "Tutazungumza," akasema, na Afrah akarudi ndani. Mimi nikavuka barabara nimejaa hasira, nikamkaripia kijana mmoja kwa sababu ya flashi yake tu.

Alhamisi, saa tisa alasiri, Mzee Zahor akaingia kwangu, Afrah nyuma yake. Kwa miaka yote niliyomjua hajawahi kufunga duka mchana ila siku za msiba. Akaketi mbele ya kompyuta.

"Iombe tena hiyo namba."

Ikaja. Nikanyoosha mkono nichukue simu, akaificha kifuani. "Namba ya siri haitolewi, Audax. Hata kwako." Kisha akasogeza uso karibu na kioo. "Huu ndio ukurasa wa ndege?"

"Ndio huo, mzee."

Akaiandika mwenyewe, kidole kimoja, tarakimu moja baada ya nyingine, akizitamka. Afrah alikuwa amemshika bega na safari hii alilia mbele za watu, na hakujali. Nami nililia, niseme ukweli.

Sasa yuko mwaka wa pili. Ile fremu imejaa ndoo za asmini, Bi Nunu anauza vikuba na miche, na kwenye bati kuna mfereji unaoshusha mvua kwenye pipa. Mzee Zahor bado anafuta meseji zote, za mtandao, za harusi, za mimi nikimdai ndoo yangu waliyoiazima kupandia asmini. Ila moja haifuti. Ni ile iliyoleta namba ya chuo cha Afrah; ni ya Kiingereza, hawezi kuisoma yote, na kila mteja mgeni lazima aionyeshwe kabla hajapewa unga wake.