Nzi wa Manyoya na Kilindi cha Nkambo

Nta ya mshumaa ikidondoka juu ya unyoya wa jogoo hutoa harufu nzito, nusu ya kanisani na nusu ya jikoni. Hiyo ndiyo harufu ya likizo yangu nilipokuwa na miaka tisa, kule Lukafu, nyumbani kwa nkambo, baba yake mama, ambaye kabla ya kustaafu na kurudi kulima mahindi alikuwa mtu wa bendera kwenye reli. Kila asubuhi alikaa kizingitini, akabana ndoano ndogo kwa koleo, akaifungia manyoya mekundu ya shingo ya jogoo kwa uzi wa cherehani, kisha akadondosha nta tone moja ili fundo lisifunguke. Kazi ikiisha, ndoano ilikuwa imegeuka mdudu. Uvuvi huo alifundishwa na Mzungu mmoja wa reli, aliyemwachia fimbo yake ya mwanzi alipokwenda zake. Majirani walicheka: mzee mzima anawapa samaki manyoya ya kuku, na minyoo imejaa bustanini! Nkambo aliendelea kukaza fundo. Alikuwa mkali, mchache wa maneno, na hadi leo sijui kwa nini kati ya wajukuu wote alinichagua mimi.

Tulitembea saa nzima hadi kwenye kilindi kilichojificha nyuma ya matete, maji safi hata mawe ya chini yanaonekana. Hapo alinifundisha kwanza kutovua. Siku mbili nilitazama tu: wadudu gani wanaruka, wana rangi gani, samaki wanawadaka wapi, kwa kuwa nzi wetu alipaswa kufanana na walichokuwa wakila siku hiyo. Samaki huelekeza kichwa kule maji yanakotoka, basi tulisimama upande wa chini, nyuma yao, tumeinama, jua likitupiga usoni ili vivuli vyetu visianguke majini. Kurusha ndiko kulikonitesa. Nzi wa manyoya hana uzito, mshipi ndio unaombeba. Ukiurusha nyuma huna budi kusubiri ujinyooshe wote hewani, ndipo uusukume mbele. Mimi nilikuwa na haraka, na haraka haina baraka: nzi alinasa kwenye majani, mara nyingine kwenye sikio langu. "Ngoja kwanza train ipite," nkambo alisema, mkono juu kama bado ameshika bendera. "Ikisha kupita, njo unashusha." Siku ya tano nikaanza kuisikia hiyo treni. Nzi akatua, akateremka na maji bila kuvutwa, maji yakafunguka kidogo, nikainua ncha ya fimbo polepole. Samaki wangu wa kwanza hakujaza hata kiganja. Nkambo alilowesha mikono kabla ya kumgusa, akamtoa ndoano, akamwachilia. "Huyu iko mutoto. Arudie kwa mama yake." Nililia kwa hasira, lakini samaki mkunje angali mbichi, nami nilikunjika.

Hakuniambia hata siku moja nifiche mahali pale. Nadhani aliamini kwamba mtu aliyefundishwa kuloweshea samaki mikono hahitaji kuambiwa mengine.

Baba yangu alikuwa na kazi mjini, Lubumbashi, nasi tuliishi mtaa wa Makomeno. Nilikuwa binti wa nne, na macho yake yalizoea kunipita kama yanavyopita kiti. Alipokuja Lukafu kutuchukua, alisikia kwamba nimejua kuvua. "Mama," aliniita, kama akina baba wa kwetu wanavyowaita mabinti zao wanapowapenda, "unifundishe na miye." Nilikaribia kupaa! Tulipovuka mto alinibeba mabegani. Kilindini alipiga mshipi kama mchunga ng'ombe, akapoteza nzi watatu, nami nikampigia kelele, "Ngojea train, papa!" naye akacheka hadi akakaa chini. Kisha akaniuliza maswali. Je, samaki ni wengi? Wakubwa hulala wapi? Upande wa chini, mto unabana wapi? Nilimjibu yote, kifua mbele. Alikuwa hajawahi kuniuliza kitu maishani, nami sikujiuliza kwa nini mvuvi ataka kujua mto unabana wapi.

Kesho yake asubuhi mimi na nkambo tulipokaribia matete, niliisikia harufu kabla ya kuona: kali, chungu, ya majani mabichi yaliyopondwa. Ilikuwa buba. Majani hayo yakimwagwa majini hulewesha samaki wote, bila kuchagua. Baba na wanaume watatu walikuwa wameziba mto pale pale nilipomwonyesha baba, na samaki walielea matumbo juu, wazee kwa watoto, hata wale wa urefu wa kidole. Kaka yangu alikuwa anakaribia komunyo ya kwanza, na baba alikuwa amewaahidi wakubwa wake wa kazi karamu ya samaki. Wa pwani husema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilinibeba mabegani.

"Nani aliwaonyesha fasi hii?" nkambo aliuliza.

Baba hakuinua kichwa. "Mutoto yenu, papa. Njo yeye alituleta."

Kwetu mkwe hagombezwi. Baba mkwe na mkwe wake husemezana kwa adabu, macho chini, hata kama nyumba inaungua. Kwa hiyo hasira ya nkambo haikuwa na pa kwenda, ikanijia mimi. Alinitazama, akaifungua fimbo vipande viwili, akarudi peke yake. Nilitaka kupiga kelele kwamba nimedanganywa, lakini alikuwa ameshapotelea kwenye matete. Kwenye komunyo nilikula samaki wale, mbele ya wageni, kwa sababu baba alinikazia macho. Nkambo hakuja. Aliishi miaka mingine mingi, akanisalimu vizuri kila likizo, na hakuniita tena mtoni. Alipofariki, hakuna aliyeitaka fimbo yake, iliyokuwa imekaa darini miaka yote, nikaichukua.

Leo baba ni mzee na anaishi kwangu. Nampikia bukari, ugali wa kwetu, namwekea maji ya kuoga, na bado namkasirikia. Yeye hukumbuka siku ile kama mzaha: "Ile siku tulikulaka samaki!" Kwamba alinitaja, amesahau kabisa.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka binti yangu mto mwingine, ambao jina lake silitaji. Ana miaka tisa, na treni aliisikia siku ile ile, upesi kuliko mimi. Tuliporudi, baba alikuwa barazani. "Mama," akamwita, kwa sauti ile ile, "mulivulia wapi?" Binti yangu alimtazama machoni, akatabasamu. "Mbali, nkambo. Sikumbuki njia." Alidanganya vizuri sana. Hilo ni somo ambalo nkambo wangu hakunipa. Mimi nilimpa mwanangu kabla hata hajashika fimbo.