Kiroba Nusu cha Maharage

Juzi nilipanga foleni kwenye dirisha la mizigo, stendi ya Kasulu. Mbele yangu mama mmoja wa kijiji cha Muyama alikuwa akimtumia maharage mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Karani alisoma jina kwenye kiroba, nusura aruke kitini.

"Mama, huyu si yule beki wetu? Mwambie asisaini mkataba mpya haraka! Huu wa sasa umebakiza miezi minne. Sasa klabu ndiyo inayombembeleza yeye."

"Asiposaini atarudi nyumbani?"

"Arudi kufanya nini? Atachukuliwa na klabu nyingine, huenda hata nje ya nchi."

"Na akisaini?"

"Atabaki hukohuko, ila kwa donge nono."

Mama akawa anakipapasa kiroba kama mgongo wa mtoto. Karani alipokinyanyua, kikalegea.

"Mbona kiko nusu? Ungejaza tu, nauli ya mzigo ni ileile."

"Najua, mwanangu. Mwaka juzi nilijaza, mvua zikaanza mpaka zikaisha hajanipigia. Nikituma nusu, yakikaribia kuisha ananipigia mwenyewe. Siku hiyo tunaongea, hata kucheka anacheka."

Akakaza kamba kwa meno.

Wachambuzi wa redioni hutuambia mchezaji husikilizwa mkataba unapokaribia kuisha. Nilidhani ni mambo ya mpira.

Mama yangu yuko kijijini, Mabamba. Yeye hajui ujanja huo; kiroba chake hunifikia kimejaa mpaka mdomoni. Cha mwisho bado sijakimaliza.