Mwaka Aliponenepa

Mtoto wa dada yangu alipoteza nafasi ya kupasuliwa moyo mwaka ule ule alioanza kunenepa. Sisi tulichinja kuku.

Alizaliwa hapa Baraka, kando ya ziwa, na tundu moyoni. Akinyonya, jasho lilimtoka kichwani mpaka kitenge cha dada kikalowa. Alivuta maziwa kidogo, akaacha, akahema, akalia kwa njaa. Kikohozi hakikumwisha. Ukimwekea kiganja kifuani, ulihisi mtetemo chini ya ngozi. Daktari alisema apelekwe Bukavu kupigwa picha ya moyo, kisha nje ya nchi kupasuliwa, na asicheleweshwe. Lakini barabara ya kwenda Bukavu, inayopita Uvira, ilikuwa ya vita, na shemeji yangu, mvuvi, akasema tungoje itulie.

Tukiwa tunangoja, mtoto akapona. Ndivyo tulivyoona. Jasho lilikatika, kikohozi kikaisha, akala bugali na ndagala, dagaa wa baba yake, mpaka kukwangua sahani. Mama yetu alikuja kutoka Lubondja na mafuta ya mawese, akamwinua juu.

— Eh! Huyu ndiye badokta balitaka kupasua? Aende apasue kuni!

— Akikula hivi, shemeji akasema, mi nitauzisha samaki gani?

Kanisani dada alicheza mbele ya watu wote na kapu la shukrani kichwani. Barabara ilipotulia, hakuna aliyeitaja safari.

Alikuwa ameshaanza shule tulipoona kwamba akikimbiza mpira anakaa chini katikati ya mchezo, na kucha zake zina rangi ya wino. Dada akampeleka Bukavu, nikawasindikiza. Daktari wa huko alisikiliza kifua kwa muda mrefu.

— Kelele ya moyo imeisha, dokta? dada aliuliza, akitabasamu.

— Imepunguka, mama. Na hiyo ndiyo inaniogopesha.

Alieleza taratibu. Tundu lilikuwa likimwaga damu nyingi mno mapafuni. Mishipa ya mapafu ilikakamaa, damu ikapungua humo, ndiyo maana mtoto alipata nafuu. Sasa haitalegea tena. Damu isiyopita mapafuni sasa inatokea tunduni; kuliziba leo ni kumuua.

— Tungemuleta wakati gani?

— Wakati alikuwa anateseka, mama.

Dada alimvalisha mtoto shati, akakosea vifungo, akavifungua, akaanza upya.

Mama yetu tulimweleza. Hakukubali. Mtoto mwenyewe hatujamwambia.

Juzi mwanamke wa Ubwari, ng'ambo ya maji, alishuka kwenye mtumbwi akaulizia nyumba yetu. Mtoto wake mchanga hutoka jasho akinyonya, na watu wa kanisa walimwambia huku kuna mmoja aliyepona. Mama yetu akamvuta mjukuu wake mbele.

— Muangalie mwenyewe. Ngoja tu, binti yangu, itapita.

Dada akamtuma mtoto wake alete maji ya mgeni, asisikie. Alipotoka, dada alisema yote, haraka, bila kumtazama mama yetu: kwamba wasingoje, kwamba huyu hakupona. Mwanamke alimtazama dada, akautazama mlango ambao mtoto alipitia.

— Mama, huyu mutoto nimemuona na macho yangu. Iko na mashavu.

Akamfunga mwanawe mgongoni. Atamuuliza bwana yake kwanza, alisema, akarudi pwani.

Mtoto alirudi na kikombe kimejaa, anahema.

— Mugeni iko wapi?

Mtumbwi ulikuwa umeshaondoka. Kama yule mchanga amefikishwa hospitali, hatujui.